Gari Lililopita kwa Kimya

Gereji ile haikuwa na kibao, na wala haikukihitaji. Ungeuliza mahali popote mtaani, "Kwa Kimya ni wapi?" ungeelekezwa hata na mtu ambaye hajawahi kumiliki baiskeli. Kilikuwa kiwanja cha udongo uliokuwa mweusi kwa oili, mabati ya kukinga jua, magari yaliyoachwa boneti wazi, na mafundi kila mtu na kona yake: fundi wa bodi na nyundo zake, fundi umeme na nyaya zake, mchomeleaji na miwani yake nyeusi. Katikati yao alikuwa yeye, Kimya, mtu mwembamba aliyekwisha kuota mvi kidevuni, ovaroli imepauka magotini, na vidole ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa.

Usidanganywe na hilo jina. Mtu yule alikuwa na mdomo, tena mdomo hasa! Alikutania tangu unaegesha gari mpaka unaondoka. Ukija na gari bovu alikupa pole kama uliyefiwa, ukija na gari zuri alikuuliza umeliiba wapi. Jina alilipata kwa namna yake ya kufanya kazi. Gari la kununuliwa lilipoletwa, mteja akitaka kujua injini yake ina hali gani, Kimya aliinua mkono juu na kupiga ukelele mmoja: "Kimya!" Basi uwanja mzima ulinyamaza. Nyundo zilitua chini. Mashine ya kukatia chuma ilizimwa, na redio ilikatwa hata kama mpira uko dakika za lala salama. Waliokuwa wanabishana walimeza maneno yao. Kisha gari likawashwa, na yeye akasimama kando ya tairi la mbele, amefumba macho, akisikiliza.

Alikuwa na sheria zake. Kwanza, gari lije baridi. Kabla hajakusalimia vizuri alikuwa ameshaweka kiganja juu ya boneti, na akikuta joto, aligeuka na kwenda zake. "Lirudishe kesho," alisema. "Nani kakwambia mgonjwa anapakwa poda kabla ya kupimwa?" Maana hila za kuuza magari yaliyotumika alizijua zote: injini inayopiga kelele ikiwa baridi huwashwa mapema ipate moto itulie, au hutiwa oili nzito kama asali ili vyuma vilivyolika visigongane kwa sauti. Pili, hakuna kusema neno mpaka yeye aseme. Hata kama wewe ni fundi, hata kama umesikia kitu, funga mdomo. Tatu, jibu lake lilikuwa neno moja tu: ama "Chukua," ama "Acha."

Akisema acha, hakuna dalali aliyebishana naye. Na akisema chukua, mnunuzi naye hakuwa na ruhusa ya kurudi kesho akilia kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Hayo yalikuwa makubaliano ya pande zote, bila karatasi wala shahidi. "Gari lililopita kwa Kimya halirudi," walisema madalali, na wanunuzi wakalala usingizi.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo akiharibikiwa masikio, atamwambia nani?

Ilianza taratibu. Miaka na miaka ya kusimama baina ya nyundo za fundi wa bodi na mashine ya kukatia chuma si mchezo. Hakuna fundi aliyekuwa akiziba masikio, na ambaye angeziba angechekwa mpaka azibue. Kwanza walinyamaza ndege wa asubuhi. Kimya akadhani wamehama. Kisha simu yake ikawa haiiti, akaenda kumgombeza mtengeneza simu bure, masikini wa watu. Halafu siku moja mkewe, ambaye ni mshonaji na ana chumba chake cha cherehani upande wa mbele wa nyumba, aliingia jikoni akamkuta mumewe amekaa kwenye stuli anasoma gazeti, na kando yake, pale pale, birika la filimbi limelia mpaka limekauka na kuanza kunuka chuma.

"Baba watoto! Husikii?"

"Nasikia. Naliacha lichemke vizuri."

"Lichemke nini, na halina hata tone!"

Tangu hapo mkewe alijua, na yeye alijua kwamba mkewe anajua, lakini kila walipoligusa jambo lile waliishia kununiana. Mkewe alimtaka aende hospitali. Yeye akasema ni nta tu, itatoka yenyewe. Mkewe akasema nta gani inayokaa mwaka mzima. Yeye akasema ana kazi. "Haya," mkewe akamaliza, "sikio la kufa halisikii dawa." Akajuta mara tu baada ya kulisema, kwa sababu mumewe aliondoka bila kunywa chai.

Lakini tuseme kweli, hakuwa kiziwi wa kila kitu. Sauti nene alizipata sawasawa: ngurumo, lori, mwanamume akiongea, injini inayogonga tumboni. Zilizompotea ni zile nyembamba: filimbi, kengele, wajukuu wakimwita, vyuma vidogo vikigusana. Akajipa moyo kwa hesabu yake mwenyewe. Dhambi kubwa za injini husema kwa sauti nzito, alijiambia. Pistoni ikilegea inagonga nzito, beringi za chini zikiisha zinagonga nzito zaidi, na hizo mimi nazisikia. Na zile dhambi zinazosema kwa sauti nyembamba? Hapo alibadilisha mazungumzo, hata akiwa peke yake.

Angeweza kutumia spana. Kufungua kifuniko cha juu cha injini na kutazama kwa macho ni kazi ya asubuhi moja, na alikuwa anaijua vizuri kuliko wengi. Lakini watu wangeuliza: tangu lini Kimya anafungua? Mafundi wengine ndio wanaofungua, Kimya anasikiliza. Kwa hiyo hakufungua. Hilo ndilo kosa lenyewe, nakwambia mapema, usije ukalitafuta kwingine.

Basi akaja mpwa wake. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake wa tumbo moja, dada ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja na kioo kimoja, hodari wa mkono, mwepesi wa ndoto. Tangu utotoni maradhi yake yalikuwa gari la spoti: lile la milango miwili, lililolala chini, ambalo likipita kila mtu anageuza shingo. Sasa alikuwa ameliona moja kwa dalali, jekundu. Limetumika, ndiyo, lakini linang'aa utadhani limetoka dukani. Na hoja alikuwa nayo: angelikodisha kwa maharusi na wapiga picha, lijilipe lenyewe. Kiwanja alichoachiwa na mama yake kilikuwa kimeshapata mnunuzi.

"Kiwanja cha mama yako?" Kimya alimuuliza.

"Mjomba, kile kiwanja kinaotesha nyasi tu. Gari litanizalishia."

"Gari la spoti lililotumika si gari, mwanangu. Ni ugomvi uliopakwa rangi." Kimya alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Unadhani walioliendesha kabla yako walikuwa wanalipeleka sokoni kununua vitunguu? Walilikanyaga. Injini za namna hiyo zinakimbizwa kabla hazijapata moto, zinacheleweshewa kubadilishiwa oili, kila kijana mwenye bisibisi anaziongezea nguvu asizozijua. Nje zinacheka, ndani zinalia."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ukisema acha, naacha. Mimi sina sikio lingine."

Maneno yale yalimchoma. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Walikuwa wawili tu, damu moja, hakuna dalali, hakuna mteja. Kimya akakunja kile kitambaa vizuri kama leso ya harusi.

"Lilete kesho," akasema. "Lije baridi."

Kesho yake gari lilikuja likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, ili injini isiguswe. Dalali alishuka, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye Kimya alikuwa ameshamkatalia magari kadhaa mbele za watu. Mpwa alikuwa amevaa shati la kupigia picha. Mafundi walilizunguka lile gari wakipiga miluzi ambayo Kimya hakuisikia, akaiona tu midomoni mwao.

Akaanza kazi. Kiganja kwenye boneti: baridi. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua baina ya vidole: ya kawaida, si nzito. Akafungua kifuniko cha oili akatazama chini yake: hakuna povu jeupe, kwa hiyo maji hayajaingia. Radieta safi. Akapiga magoti, akachungulia chini, hakuna kinachovuja. Mpaka hapo hakuna mtu duniani ambaye angemkosoa.

Akainua mkono. "Kimya!"

Uwanja ukatulia. Mpwa akiwa ndani, amekamata usukani kwa mkono mmoja, akawasha.

Hapa nitakueleza mimi, maana Kimya asingeweza kukueleza. Injini ilipokamata tu, kabla haijanguruma vizuri, ulitoka mlio upande wake wa mbele: kracha-kracha-kracha, mfano wa sarafu ndani ya kopo. Mara ukaisha. Ikabaki ile ngurumo nzuri, nene, tamu, ya gari lililotengenezwa kwa watu wenye haraka. Kimya alisimama amefumba macho, akaipokea ngurumo ile tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuona doa. Akachukua kifaa chake cha kusikilizia, yaani fimbo ya chuma yenye mpini wa mti, akaweka ncha yake kwenye tumbo la injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Chini kumetulia. Akaashiria kwa kidole, mpwa akakanyaga mafuta, injini ikapanda na kushuka bila kukohoa. Nyuma hakuna moshi wa buluu wala mweupe.

Alipofumbua macho alimwona mpwa wake anamtazama kupitia kioo cha mbele. Kijana alimkodolea macho kama mtu aliyeona nyoka kitandani mwa mwenzake. Kimya akadhani ni hofu tu ya mtu ambaye ndoto yake inangoja neno moja. Fundi wa bodi alimwangalia mchomeleaji. Mchomeleaji akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema kitu, maana sheria ni sheria.

"Chukua," Kimya akasema.

Dalali alicheka, ila kicheko chake siku hiyo kilichelewa kidogo. Mpwa akazima gari, akashuka, akamshika mjomba wake mkono kwa mikono miwili, akakaa nao kitambo. Halafu wakaenda kumalizana.

Mchana ule Kimya alikaa kula na mchomeleaji, rafiki yake wa siku nyingi, juu ya matairi mawili ya lori. Mchomeleaji alikuwa na sauti ya kiume, nzito, na ndiyo sababu Kimya alipenda kula naye.

"Mzee mwenzangu, leo umenifundisha," mchomeleaji alisema. "Ule mlio wa mbele pale linawaka. Mimi ningeapa kwa jina la mama yangu kwamba ni cheni ya taimingi imelegea. Nikamtazama fundi bodi, naye ananitazama. Tukasema, aah, Kimya yupo. Kumbe magari ya spoti ndivyo yalivyo?"

Kijiko cha Kimya kilisimama njiani.

Cheni ya taimingi! Kama hujui, ndiyo inayofunga juu na chini ya injini, valvu na pistoni, zipishane kwa zamu bila kugusana. Ikilegea hulia mara moja tu, asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla oili haijapanda na kuikaza. Halafu hunyamaza kutwa nzima kama haina kosa. Siku ikikatika, valvu na pistoni zinakutana, na injini inakufa hapo hapo, hata uwe katikati ya barabara kuu na lori nyuma yako, usukani umekuwa mzito na breki zimekuwa ngumu. Hakuna cha kutengeneza tena. Ni kutafuta injini nyingine, kama wewe mwenyewe bado upo wa kuitafuta.

"Ndivyo yalivyo," Kimya alijibu. "Yana kelele zake."

Mchomeleaji akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea na chakula chake. Mpaka siku ile, pale gereji, Kimya alikuwa amenyamaza tu juu ya masikio yake. Sasa alikuwa amesema uongo, tena kwa rafiki, tena juu ya roho ya mtoto wa dada yake. Akasukuma sahani. Akasema tumbo linamsumbua, akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya dada yake.

Mkewe alimwona mlangoni akasimamisha cherehani. Kimya alikaa kwenye rundo la vitambaa, akaeleza yote bila kuinua macho.

"Uwanja mzima umesikia," alimaliza. "Mimi tu."

"Una hakika ni hiyo cheni?"

"Watu wawili wenye masikio yao wamesikia. Mimi ndiye nisiye na hakika ya kitu."

Alitegemea kugombezwa. Mkewe hakumgombeza. Alisogea mpaka mbele yake, ili mumewe aione midomo yake, na hilo peke yake lilimuuma kuliko matusi.

"Jumamosi mpwa wako analipeleka kwenye harusi," alisema. "Gauni nimelishona mimi, hilo hapo ukutani. Bibi harusi ndiye aliyeniambia, kijana alimwahidi hata kabla hajalinunua. Wanatoka naye mji wa pili, barabara kuu, wanakuja mbio kuwahi. Mume wangu, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo chenyewe si chako."

Kimya alilitazama lile gauni jeupe lililotundikwa. Aliogopa. Katika maisha yake alikuwa ameshalaliwa na gari miguuni, ameshaungua na maji ya radieta, na hajawahi kuogopa namna ile. Akavaa viatu akatoka.

Alimkuta mpwa wake nje ya kibanda chake cha kunyolea, anafuta gari kwa taulo la kunyolea. Wateja wawili walikuwa ndani wanasubiri. Kimya alisema alichokuja kusema haraka, asije akageuka njiani: gari lina kasoro, cheni imelegea, asilipeleke popote, yeye hakusikia.

Mpwa aliendelea kufuta sehemu ile ile.

"Najua, mjomba."

"Unajua nini?"

Kijana akageuka, akasimama akimwelekea uso kwa uso, akatamka neno moja moja, kwa sauti ya chini na nzito. Kimya akaelewa kwamba anasemeshwa kama anavyosemeshwa mtu asiyesikia.

"Nilikuwa ndani ya gari. Mlio ulipotoka nilikutazama, nikangoja ushtuke. Hukushtuka. Ndipo nikajua."

"Ukanunua!"

"Ningefanya nini? Niseme mbele ya dalali? Mbele ya watu wote wale wamezima mashine kwa ajili yako, niinue mdomo niseme mjomba hujasikia?" "Nikasema moyoni, nitanunua, halafu nitatafuta fundi wa mbali alifungue, mtu asijue."

"Kwa pesa gani? Kiwanja kimekwenda!"

"Ndiyo hivyo, mjomba. Hilo sikulifikiria pale."

"Mpumbavu wewe!" Kimya alipiga kelele, na wateja wakachungulia dirishani. Halafu akashika paa la lile gari. Laiti angekuwa amedanganywa na dalali, angejua pa kupeleka hasira zake. Lakini huyu alikuwa amejitia hasarani kwa kumpenda. Hakuwa amewahi kupendwa hivyo na mtu, wala kuona aibu hivyo, na vyote viwili vilimfika kwa pamoja. Akalia kidogo, kwa siri, amegeukia barabarani.

"Twende tukalirudishe," akasema.

"Halirudi. Sheria hiyo uliiweka wewe."

"Ingia kwenye gari. Endesha polepole."

Dalali aliwapokea ofisini kwake, kijumba cha mbao katikati ya magari yaliyopangwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaacha kucheka na kuanza kufikiri, na alipofikiri uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Gari lililopita kwa Kimya halirudi," alisema.

"Halikupita. Sikulisikia."

"Nani anajua hivyo?"

"Nimekwambia wewe sasa hivi."

"Mimi peke yangu haitoshi, mzee wangu. Nikilipokea hapa chini chini, kesho watu watasema niliuza nikijua." Na huenda kweli alikuwa anajua, Mungu ndiye mwenye kuona. "Kayaseme pale uwanjani kwako, mafundi wakiwepo, wateja wakiwepo. Sema hukusikia, na husikii. Ukishasema, mimi napokea gari langu na kijana anapata pesa zake zote. Sina roho mbaya."

Kimya hakuhitaji kuelezwa biashara iliyokuwa ndani ya ile huruma. Kuanzia siku hiyo hakuna ambaye angesimama kando ya gari la dalali yule na kusema acha.

Mpwa alimvuta mkono. "Mjomba, hapana. Twende zetu. Nitalifungia ndani mpaka nipate pesa za cheni."

"Utapata lini? Na ukipata njaa kabla ya pesa, utalitoa." Akautoa mkono wa kijana taratibu. "Kesho asubuhi," alimwambia dalali. "Njoo na pesa."

Asubuhi mkewe alimpigia pasi ovaroli, kitu ambacho hakijawahi kupigwa pasi tangu kishonwe, akafunga cherehani na kwenda naye.

Kimya alimwomba mchomeleaji awaite watu. Walikuja wakitania, wakidhani kuna harambee au kuna mtu anaoa. Wateja walisogea, wengine wameshika funguo. Dalali alisimama pembeni karibu na gari jekundu, na mpwa karibu na mjomba wake.

"Hili gari jana nilisema chukua," Kimya alianza. "Cheni yake inalia. Mlisikia nyote. Mimi sikusikia." Alitaka kuishia hapo, ila alimwona dalali anangoja. "Sauti nyembamba sizipati. Wala si tangu jana. Ni zamani kidogo. Msinunue gari kwa neno langu."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani wake wa kila siku, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mchomeleaji alivua miwani. Fundi wa bodi akasema, "Sasa mzee, si ungetuambia? Tungekusikilizia sisi," na alikuwa anamaanisha, na ndiyo maana lilikuwa neno gumu kulibeba. Mke wa Kimya alikuwa anatazama chini. Dalali, nampa haki yake, hakuvunja neno lake: alimpa mpwa bahasha pale pale, na kijana akaitia mfukoni bila kuifungua. Gari likafungwa kamba, likavutwa, likatoka.

Kimya akapumua. Alijihisi mwepesi, tena alishangaa kuhisi hivyo. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo, maneno matatu manne, na jua bado linawaka. Aliwaza kwamba ataanza upya, atafungua injini kwa spana kama mafundi wengine, na atakwenda hospitali kumridhisha mama watoto. Akamgeukia mpwa wake, akaanza kumtania juu ya lile shati.

Kulikuwa na mama mmoja nyuma ya watu, aliyeleta gari kubadilishiwa breki. Alisogea mbele akiwa ameubana mkoba kifuani. Akasema kitu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na Kimya aliona midomo tu.

"Rudia, mama," alisema. "Sijasikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile mbele za watu bila kulazimishwa, na halikumuuma. Mama yule akakaribia, akapandisha sauti.

"Nasema gari langu. Lile pale. Ulisikiliza wewe, ukaniambia chukua, mwanzoni mwa mwaka huu. Nabeba watoto wa shule. Langu ulilisikia?"

Kimya alilitazama. Lilikuwa basi dogo jeupe, lenye viti vya ziada na mabegi mawili madogo yaliyosahauliwa kwenye kioo cha nyuma. Alijitahidi kukumbuka asubuhi ile. Alikumbuka boneti ilikuwa baridi kiganjani. Alikumbuka watu walivyonyamaza, na huyu mama alivyofurahi mpaka akamkumbatia fundi umeme kimakosa. Sauti ya injini hakuikumbuka hata kidogo, na hakujua kama ameisahau au hakuwahi kuisikia. Nyuma ya yule mama mwanamume mwingine alikuwa anajisogeza, na nyuma yake wengine, kila mmoja ameshika ufunguo wake.

"Sijui, mama," alisema. "Leo watoto usiwabebe."